Mwatiko wa bwawani hatagi: jibu kwa kina mama wa Sudi

Swali: "Shikamoo. Sisi ni kikundi cha kina mama hapa Sudi, mkoani Lindi. Tuna mabwawa matatu ya samaki aina ya mwatiko nyuma ya mikoko, mahali palipokuwa mashamba ya chumvi. Vifaranga tunavitafuta wenyewe kwenye madimbwi maji yakishakupwa. Kuna siku za bamvua, maji makuu yanapojaa na kupwa sana, tunapata ndoo nzima, na kuna miezi tunarudi mikono mitupu. Tukaona tuache samaki kama mia mbili bwawani bila kuvuna, wawe wazazi, tuwe na vifaranga vyetu wenyewe. Mwaka na nusu sasa, hatujaona hata kimoja. Wazee wanasema mwatiko huenda Msumbiji kutaga, na mkondo ndio unaotuletea watoto. Ni kweli? Na hawa wetu tuwafanyeje watage?"

Jibu: Marahaba, dada zangu. Nianze na lile la mwisho, maana ndilo linalowalia fedha kila siku: hao mia mbili wavuneni, muuze. Hawatataga mwaka huu wala mwakani, na bwawa la maji ya kiunoni halitawafikisha huko hata mkiwasubiri kwa subira ya namna gani. Ufugaji wenu hauna kasoro. Ni kwamba samaki huyu ana nyumba mbili, ya kukulia na ya kuzalia, na mlichochimba ninyi ni ya kukulia tu.

Kwanza umri. Samaki wa mwaka mmoja na nusu kwenu ni mkubwa kwa sababu anajaza sahani, lakini kwa hesabu ya mwatiko bado ni mtoto. Baharini hupevuka akifika miaka mitatu hadi mitano, na akifungiwa mara nyingi huchelewa zaidi ya hapo. Anayezaa ana uzito wa kilo tatu na kuendelea. Huyu ni samaki anayeweza kuishi miaka 15 na kufikia urefu wa mita 1.8, basi hana haraka. Siku ya kuvuna pasueni wachache mtazame. Mtaona utumbo mrefu uliojikunja mara nyingi, kama ulivyo wa samaki wala majani, mtaona mafuta, na pale panapostahili kuwa na mayai mtakuta vijinyuzi viwili vyembamba ambavyo asiyevijua hawezi kuviona. Na hata wangekuwa wakubwa, mngeshindwa kujua yupi jike na yupi dume kwa kuwatazama. Wataalamu wa kuwazalisha humgeuza samaki mpevu tumbo juu na kuchungulia matundu ya nyuma: jike ana matatu, dume ana mawili. Kazi hiyo si ya kufanyia bwawani huku jua linawaka.

Sasa twende baharini, ndipo mambo yote yalipoanzia.

Mwatiko wakubwa huishi kwa makundi karibu na pwani na visiwa, hasa penye miamba ya matumbawe. Wakati wa kuzaa ukifika hukusanyika kwenye maji safi, kilomita chache tu kutoka ufukweni, na hutaga usiku. Jike mmoja humwaga mayai laki kadhaa, na akiwa mkubwa sana hufika milioni kadhaa, madume nao humwaga mbegu papo hapo, kisha kila mmoja anakwenda zake. Hakuna kiota wala ulinzi. Yai lina kipenyo cha milimita moja na kidogo, jeupe la kuona ng'ambo, na linaelea. Kwa joto la bahari yetu hupasuka baada ya siku moja hivi. Anayetoka ana urefu wa milimita tatu na nusu, kinywa hakijafunguka, macho hayajapata rangi, na chakula chake ni kiini cha yai alichobeba tumboni. Akiba hiyo humtosha kama siku tatu. Ikiisha, awe amejifunza kukamata vijidudu vya majini, la sivyo anakufa, na wengi mno hufa hapo. Wengine huliwa na dagaa, na vibua, na chochote chenye kinywa. Hebu fikirieni: katika mamilioni ya mayai ya jike mmoja maisha yake yote, wakipona wawili wakazaa, idadi ya mwatiko baharini haipungui. Wengine wote ni chakula cha bahari.

Kwa wiki mbili hadi tatu mtoto huyo anaishi katika maji ya wazi. Hapo ndipo hoja ya wazee wenu inapoingia, na hawakubahatisha.

Upo mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, unapita kaskazini mwa Madagaska na kuja kuigonga Afrika karibu na latitudo ya 11 kusini. Tazameni ramani: hapo ni mitaa ya Rasi ya Delgado, kusini kidogo ya mdomo wa Mto Ruvuma. Ukishagonga unagawanyika. Tawi moja linateremka kusini kuelekea Mlango wa Msumbiji, na la pili linapanda kaskazini kupitia Mtwara, Lindi, Kilwa hadi Mafia na kuendelea. Hili la kaskazini halikomi mwaka mzima. Kusi kikivuma huongezeka nguvu, kaskazi ikivuma hupungua kwa kuwa upepo unalisukuma nyuma. Kwa hiyo watu wa kusini mwa Tanzania mmekaa pale pale mkondo unapofikia, na mnaanza kupokea kabla ya Kilwa na Dar es Salaam.

Hesabu ndogo. Mkondo wa noti moja, yaani maili moja ya baharini kwa saa, hubeba kitu kinachoelea kilomita 44 kwa siku. Kutoka mdomo wa Ruvuma hadi Sudi si safari ya siku tatu kwa mwendo huo. Yai lililotagwa upande wa Msumbiji linaweza kabisa kuwa kifaranga katika dimbwi lenu. Lakini kwa hesabu hiyo hiyo, mtoto angekaa katikati ya mkondo wiki tatu nzima angekuwa ameshapita mkoa wote wa Lindi na Pwani pia, mwatiko wetu wote wangekuwa Lamu! Hawaendi huko wote kwa sababu karibu na nchi maji hayatembei hivyo. Nyuma ya miamba, kwenye ghuba, na penye visiwa, maji huzunguka, hurudi, hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa, na kilichotagwa karibu na pwani kina nafasi nzuri ya kubaki karibu. Tena mtoto wa siku kumi na kitu si taka inayoelea tu. Anaogelea kwa nguvu kuliko umbo lake.

Kwa hiyo, wazee wako sawa kuhusu mkondo, ila mama hana lazima ya kwenda Msumbiji. Mwatiko si jodari wa kuvuka bahari. Kuhama kwake ni kwa namna nyingine: anahama kwa umri. Anazaliwa kwenye maji ya wazi, anakulia mikokoni, anarudi kwenye maji ya wazi. Akiwa mpevu hutembea kandokando ya pwani, mara huonekana, mara hupotea, lakini safari kubwa ya maisha yake ni hiyo ya kuingia na kutoka. Wapo Ufilipino wanaoingia hadi katika Ziwa Naujan, kisiwani Mindoro, ambalo lina maji matamu. Wanakaa humo, wananenepa, wanakuwa wakubwa wa kutosha, na bado hawatagi mle. Wakikaribia kupevuka hushuka na mto kurudi baharini. Ziwa zima, chakula tele, kina cha kutosha, na samaki anasema hapana. Bwawa lenu lingembembelezaje?

Tuje kwenye bamvua, kwa sababu mmeligusa jambo ambalo watafiti walilifanyia kazi ndefu.

Ufilipino, ambako mwatiko amechunguzwa pengine kuliko popote, imeonekana kwamba utagaji huelekea kuangukia siku ambazo mwezi ni nusu, na vifaranga hufika ufukweni kwa wingi siku za mwandamo na za mwezi mpevu. Kwa sisi tunaohesabu mwezi kwa tarehe zake hili ni jepesi. Chukueni yai lililotagwa mwezi nane. Ongezeni wiki tatu: mwezi ishirini na tisa, mwandamo unaingia, bamvua. Chukueni la mwezi ishirini na mbili. Ongezeni wiki tatu: mmefika mwezi kumi na tatu, kumi na nne, bamvua la pili. Mtoto anapokuwa na milimita 10 hadi 17, yaani umbo la kuhamia mikokoni, maji makuu ndiyo yanayomfungulia mlango. Katika maji mafu bahari haipandi hadi kwenye vijito vya ndani na yale madimbwi ya nyuma ya mikoko. Katika bamvua, ambapo kwetu tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu, inafika kila mahali. Kisha kwenye saa nne, saa tano asubuhi maji yanakuwa yamepwa kabisa, na walioingia na maji ya alfajiri wanabaki kwenye madimbwi. Ndipo ninyi mnapofika na ndoo.

Nasisitiza kwamba siku hizi mbili za mwezi si amri. Wapo wanaowahi na wapo wanaochelewa, na mnachokikuta dimbwini mara nyingi ni mchanganyiko: wa bamvua hili, wa bamvua lililopita, hata waliokaa mwezi mzima wakanenepa. Angalieni ukubwa wao. Ndoo yenye saizi moja ni wageni walioingia pamoja. Ndoo yenye saizi tatu ni ya wenyeji, na inawaambia kwamba dimbwi lile huwa halikauki, likumbukeni.

Na miezi ya mikono mitupu? Mwatiko hupenda kutaga maji yakiwa ya moto. Mbali na ikweta, Taiwan kwa mfano, msimu wake ni mfupi, wa miezi ya joto tu. Kadiri unavyokaribia ikweta msimu hurefuka, ukawa na vilele na mabonde badala ya kuanza na kukoma. Bahari yetu huwa na nyuzi 29 au 30 kwenye Februari na Machi, ikashuka hadi 25 hivi kwenye Agosti na Septemba. Ongezeni na pepo: mwishoni mwa kaskazi, pepo zinapobadilika, bahari imetulia, kisha kusi kinaingia na mawimbi yake. Ongezeni mvua, ambayo huku kusini huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei: mito inashusha rutuba, vijidudu vya kuliwa vinaongezeka, madimbwi ya nyuma ya mikoko yanajaa na hayachomwi na jua upesi. Mambo haya matatu yakikutana mnapata ndoo. Yakiachana mnapata matope. Ningekuwa ninyi ningenunua daftari la shilingi chache, nikaandika kila safari: tarehe ya mwezi mwandamo, upepo, dimbwi gani, ndoo ngapi. Baada ya misimu miwili mtakuwa na kalenda ya Sudi ambayo mimi siwezi kuwaandikia nikiwa hapa.

Mikokoni sasa. Hapa ndipo mwatiko ni samaki wa ajabu, na nitaomba mnivumilie nikikaa kidogo.

Akiingia ni kama kioo: mwili hauonekani, yanaonekana macho mawili meusi yanakwenda. Katika siku chache anabadilika, anapata magamba ya fedha, na anaacha kuwinda vijidudu vya maji ya wazi akashuka kula chini. Hana meno hata moja. Anachokula ni ule utando wa kijani na kahawia unaoota juu ya matope penye jua, mchanganyiko wa mwani mdogo usioonekana kwa jicho, vijidudu, na mabaki ya majani ya mikoko yaliyooza. Chakula hicho kinapatikana kwenye maji ya kina kifupi tu, kwa sababu kinahitaji jua lifike chini. Maji hayo yana shida zake: mchana yanachemka, mvua ikinyesha yanakuwa matamu, jua likikaa wiki yanakuwa chumvi tupu. Ndiyo maana kolekole na mzia hawapendi kukaa humo, na ndiyo maana mtoto wa mwatiko anasalimika humo. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Mwatiko mchanga huishi kwenye maji matamu kabisa, na huishi kwenye maji yenye gramu zaidi ya 100. Hakui vizuri huko mwisho, lakini haifi roho. Wenye mashamba ya chumvi kutoka Mtwara hadi Kilwa wanalijua hili bila kusomeshwa: kila anayefungulia maji ya bahari kwenye bwawa lake la kwanza anakuta mwatiko wamekuja wenyewe bila kualikwa.

Kwa hiyo mlipochagua mashamba ya chumvi ya zamani mlichagua vizuri. Pale nyuma ya mikoko ardhi ilishakuwa wazi. Wapo wanaokata mikoko ili wachimbe bwawa la mwatiko, na kwangu huo ni wendawazimu mtupu, achilia mbali kwamba mikoko ni msitu wa hifadhi na huikati bila kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Unabomoa chumba ambamo vifaranga vyako vinakulia, ili upate mahali pa kuvifugia.

Katika mikoko mtoto hukaa kati ya mwezi mmoja na mwaka hivi, kulingana na nafasi. Dimbwi dogo humtoa mapema. Kijito kirefu chenye kina humweka. Mwili ukishazidi maji, anangoja maji makuu na kutoka. Huko nje anajiunga na kundi, anazunguka kwenye miamba na majani ya bahari, na kwa miaka hamsikii habari zake mpaka siku moja mvuvi aje na samaki wa fedha mwenye mkia wa panda kubwa, anayeruka juu ya wavu kwa hasira kama mkizi. Huyo ndiye mzazi. Ufilipino wanamthamini kiasi kwamba sheria yao ya uvuvi ya mwaka 1998 inakataza kuvua mwatiko wazazi baharini. Sisi tunamkaanga tukilalamikia miiba.

Na kusini tumejaliwa. Rafu ya bahari, ile sakafu ya kina kifupi kandokando ya nchi, ni nyembamba, kina kiko karibu, matumbawe yako karibu, mikoko iko karibu. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina vyote viwili katika eneo moja: miamba ya Msimbati upande mmoja, mikoko ya mdomo wa Ruvuma upande wa pili. Samaki mwenye nyumba mbili hufaidika zikiwa jirani. Mkisikia watu wanalipua baruti kwenye mwamba, msidhani hasara ni ya wavuvi wa changu peke yao.

Mnaweza kuuliza: je, haiwezekani kabisa kumzalisha? Inawezekana, na imefanyika. Watu waliwafuga mwatiko kwa karne nyingi huko Asia wakitegemea vifaranga vya ufukweni kama ninyi, kabla ya mtu yeyote kuwaona wakitaga wakiwa wamefungwa. Ilikuwa mwaka 1980, Ufilipino, katika vizimba vilivyoelea baharini vya kituo cha utafiti cha SEAFDEC, shirika la maendeleo ya uvuvi la Asia ya Kusini-Mashariki, ndipo mwatiko waliolelewa humo kwa miaka walipotaga wenyewe bila kudungwa sindano. Angalieni mahali: vizimba baharini, maji ya kina, yenye kutembea. Tangu hapo Taiwan na Indonesia wamefika mbali. Kaskazini mwa Bali, maeneo ya Gondol, familia za kawaida zina matangi ya kulelea vifaranga nyuma ya nyumba. Lakini mayai wengi wao huyanunua kwa wenye wazazi, maana kumlisha samaki wa kilo tano kwa miaka mitano kabla hajalipa ni kazi ya mwenye mtaji. Na yai likishapasuka kazi ndiyo kwanza inaanza: yule mtoto asiye na kinywa, siku ya tatu anahitaji vijidudu hai waitwao rotifa, ambao nao wanahitaji mwani hai wa kula, na vyote lazima uwe umevistawisha mapema. Hata kama kwa muujiza samaki wenu wangetaga usiku wa leo, mayai yangeliwa na wenzao bwawani kabla ya adhuhuri, na yaliyobaki yangekufa njaa. Huku kwetu kituo cha kuzalisha vifaranga vya bahari kipo Beit el Ras, Zanzibar. Ulizieni huko kupitia ofisa uvuvi wa wilaya, au kwa walimu wa FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, kampasi ya Mikindani, ambao wako karibu nanyi zaidi.

Wakati mnauliza, shida yenu ya miezi mitupu ina dawa ya zamani sana ambayo haihitaji mayai. Wafugaji wa Asia, vifaranga vikiwa vingi, huchukua bwawa dogo wakalijaza: kumi hadi kumi na tano kwa kila mita ya mraba, na chakula cha kuwaweka hai tu. Samaki hawa hudumaa. Wanakaa urefu wa kidole miezi sita, hata mwaka, bila kukua. Siku mnapowahamishia bwawa kubwa lenye nafasi, mmoja au wawili kwa mita ya mraba, hukua kwa kasi kana kwamba wanalipa deni, na kufikia robo kilo hadi nusu kilo ndani ya miezi michache. Mabwawa yenu ni matatu. La hao mia mbili likishakuwa tupu, likausheni jua lipasue matope, litawafaa kuwa ghala la vifaranga. Mawili yabaki ya kukuzia. Bamvua nzuri mbili tatu za msimu wa wingi zitawalisha mwaka mzima. Utando wa chini ulindeni: mbolea ya kuku kidogo, maji ya magotini ili jua lifike chini, na pumba za mpunga au mashudu ya ufuta utando ukichoka. Mlango wa maji uwe na wavu wa matundu madogo, kwa sababu kolekole mmoja aliyeingia akiwa kama ukucha atawamalizia ghala. Yangeyange ni vita nyingine, tandeni nyuzi juu.

Neno moja kuhusu kutanda, yaani kuvua vifaranga kwa chandarua. Chandarua kinabeba kila kitu: kamba wachanga, tasi, changu, mkizi. Msimwage ndoo mchangani mkachagua mwatiko na kuacha wengine wakauke. Chagulieni ndani ya maji, kwenye beseni pana, na wasiotakiwa warudi dimbwini wakiwa hai. Kuwatofautisha si kazi mkishazoea. Mkizi, ambaye ndiye anayewachanganya watu, ana mapezi mawili mgongoni, moja mbele, moja nyuma. Mwatiko ana moja tu katikati, na mkia wake umechanika mapanda marefu mapema kuliko wa mkizi. Wale wadogo kabisa wa kioo wapimeni kwa mwendo: mwatiko hatulii, huzunguka beseni upande mmoja kwa kundi, na ukikoroga maji hugeuka wakakabili mkondo.

Wakiwa tayari wasafirisheni kabla jua halijakaza, maji yale yale ya dimbwi, ndoo isijae. Mkifika bwawani msiwamwage. Pimeni kwa ulimi kama hamna kifaa: maji ya bwawa yakiwa na chumvi tofauti sana na ya ndoo, ongezeni ya bwawa kidogo kidogo kwenye ndoo kwa nusu saa au zaidi, kisha zamisheni ndoo ubavu watoke wenyewe. Mwatiko anahimili chumvi ya kila aina, ila kubadilishiwa ghafla kunamuua kama samaki mwingine yeyote, na wengi wanaosema vifaranga vyao vilikuwa vibovu waliviua dakika ile ya kuvimwaga.